Mama anakuja Juni na magoti yanamsumbua: Tübingen kuna cha kufanya siku 3?

Swali: Shikamoo kaka. Nipo Stuttgart nasomea uuguzi, mama anakuja kutoka Moshi mwezi wa 6, anakuja na mdogo wangu wa kiume ana miaka 13. Kila mtu ananiambia niwapeleke Heidelberg siku moja, Neuschwanstein siku moja, ziwa la Konstanz siku moja, ila mama magoti yanamsumbua na kukaa kwenye basi masaa mengi hawezi. Nasikia Tübingen ni karibu, kuna mto na mji wa kale. Kweli kuna cha kufanya siku 3 au tutaumaliza kwa masaa 2? Na dogo anataka vitu vya nje, makumbusho hataki kusikia.

Jibu:

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa masomo, najua shifti za uuguzi huku zinavyokamua mtu halafu bado uwe na nguvu ya kupangia wageni ratiba.

Nenda Tübingen, laleni huko usiku 2, na hizo safari nyingine punguza. Wanaokwambia mji unaisha kwa masaa 2 hawadanganyi, ukishuka kwenye treni ukakimbilia uwanja wa soko ukapiga picha ukageuka, masaa 2 yanatosha na chenji inabaki. Ila hapo hujauona. Ule ni mji wa mto, Neckar unapita chini yake na nyumba za zamani zimejipanga pale ukingoni zinatazama maji, na kilicho kizuri pale kinataka mtu akae, atembee kidogo, akae tena. Kwa mtu mwenye magoti hiyo ndio ratiba yenyewe. Mimi kazi yangu ni kutembeza wageni kutoka nyumbani kwenye miji ya huku kusini, na wazee wengi ninaowapokea wanaletwa na ratiba ya kukimbizana, miji 5 wiki moja, mwisho wa safari ukiwauliza walichopenda wanataja hoteli yenye lifti. Usimfanyie mama hivyo.

Kufika ni rahisi. Treni za mkoa kutoka stesheni kuu ya Stuttgart zinachukua kati ya dakika 45 na saa moja hivi kutegemea inasimama wapi, na hiyo tiketi yako ya mwezi ya Ujerumani nzima inafanya kazi, mama na dogo wakatie tiketi ya siku ya jimbo la Baden-Württemberg, ila kumbuka siku za kazi inaanza kutumika saa 3 asubuhi, ukipanda kabla ya hapo mkaguzi hana huruma. Njiani mtapita Metzingen kwenye yale maduka ya nguo za punguzo, mama akishajua yapo siku imeishia hapo, kwa hiyo kama mnataka kushuka shukeni siku ya kurudi.

Kutoka stesheni ya Tübingen mpaka daraja kuu la Neckar ni mwendo wa dakika chache na barabara ni tambarare. Simameni hapo darajani upande wa juu wa mto, unakoona zile nyumba za rangi rangi, hiyo ndio picha ambayo kila mtu anaijua. Halafu msiende mjini kwanza. Kosa la wageni wengi ni kuingia moja kwa moja kwenye vichochoro vya mji wa kale, na vichochoro vile vinapanda na vimewekwa mawe ya mviringo, kwa goti linalouma ni adhabu, mtu anachoka saa ya kwanza na siku imeharibika. Kutoka darajani shukeni ngazi mwende kwenye kisiwa kilichopo katikati ya mto, taratibu, mpe mama muda. Kisiwa chote kina njia moja ndefu yenye miti mikubwa ya mipleni pande zote mbili, ina karibu miaka 200 ile miti, kivuli chake mwezi wa 6 ni kizuri kweli na njia ni ya udongo mgumu, tambarare, mabenchi yapo. Hapo mama anatembea bila shida na ng'ambo anauona mji wote, nyumba, mnara wa kanisa, ngome kule juu.

Sasa kitu ambacho ningekwambia usikikose hata kama mnakuja kwa siku moja tu ni ile mitumbwi. Inaitwa Stocherkahn, ni mtumbwi mrefu mwembamba wa mbao, chini ni bapa kabisa, na msukumaji anasimama nyuma na upondo wa kama mita 7 anausimika chini ya mto na kujisukuma. Mama akishaona atakwambia mbona hata kwetu pwani na kwenye mito watu wanasukuma hivi hivi, na ni kweli, maji yakiwa mafupi upondo unashinda kasia popote pale. Abiria wanakaa chini wameegemea ubao, mnapanga safari ya kama saa moja, mnazunguka kisiwa, msukumaji anasimulia. Kuna safari za wazi ambazo unalipa kiti chako tu, zinaondokea pale chini ya mnara wa njano, na kuna za kukodi mtumbwi mzima, hizi zinafaa mkiwa kundi. Mtumbwi mzima unabeba watu mpaka 20 hivi kwa hiyo kama una wenzako wa darasani wachangishe iwe bei nafuu. Kwa ajili ya magoti kuna mambo mawili: kwanza kuingia na kutoka, maana viti viko chini sana, mwambie msukumaji mapema, wanasaidia na wanashika mtumbwi vizuri, dogo akae mbele yake amshike mkono. Pili chukueni kitu cha kukalia, koti au mto mdogo, na panda jioni, mwezi wa 6 jua huku linazama kama saa 3 na nusu usiku kwa hiyo hata safari ya saa 1 jioni bado ni mwanga mweupe na watu wamepungua. Asipotaka kabisa kupanda, muache kwenye benchi kisiwani, mtampita na kumpungia mkono, na dogo anaweza kukodi boti ya kupiga kasia au ya pedali pale karibu na daraja.

Huo mnara wa njano niliotaja ni wa Hölderlin, mshairi wao mkubwa. Alipougua akili alichukuliwa na fundi seremala aliyeitwa Ernst Zimmer, ambaye nyumba yake ilikuwa hapo, na akaishi humo tangu 1807 mpaka alipofariki 1843, miaka 36 ndani ya chumba kinachotazama mto. Wewe unayesomea uuguzi nadhani hii itakugusa kuliko mashairi yenyewe, familia ya seremala na baadae binti yake kumtunza mtu asiye ndugu yao miaka yote hiyo, na kumbuka alikuwa ametoka kliniki ya hapo hapo ambako walimwambia hana miaka mingi ya kuishi. Kuingia ni bure. Mkiwa na dakika 30 ingieni, mkikosa si neno, nje ndio kuzuri zaidi.

Mji wa kale fanyeni siku ya pili asubuhi mama akiwa amepumzika, na mkiweza iwe Jumatatu, Jumatano au Ijumaa maana ndio siku za soko pale uwanjani mbele ya ukumbi wa mji. Huo ukumbi umejengwa 1435, na ile saa ya juu yenye kuonyesha mwendo wa mwezi na nyota ni ya 1511, aliitengeneza Johannes Stöffler aliyekuwa profesa wa hapo chuoni. Mama kama wanawake wote wa Moshi ninaowajua atataka kushika mboga na kuuliza bei, muache, ni sehemu ya safari. Vita vya Pili vya Dunia viliugusa mji huu kidogo sana ndio maana mbao na plasta nyingi unazoona ni za zamani kweli, tofauti na Stuttgart yako ambayo katikati ilibomolewa ikajengwa upya.

Umbali wa hatua chache kuna Stiftskirche, kanisa la Kilutheri, humo ndimo chuo kikuu kilizinduliwa 1477 na kule mbele wamezikwa watawala wa Württemberg, makaburi yamechongwa watu wamelala na mikono imefumbatwa. Kama mama ni mtu wa kwaya jaribuni mwe pale Jumamosi jioni, wana ibada ya muziki ambayo wanaiita Motette, kwaya na kinanda, kiingilio hakuna ni sadaka tu mlangoni. Hiyo nakuomba sana uiweke, nimewaona wamama wa KKKT wakisahau kabisa lugha ni ya kigeni pale tenzi zinapoanza, kwa sababu tuni nyingi wanazijua.

Na kuna jambo mama kama mtu wa Moshi anapaswa kuambiwa akiwa pale. Upande wa pili wa reli kuna mtaa unaitwa Derendingen, zamani kilikuwa kijiji chake, huko ndiko alikozaliwa Johann Ludwig Krapf mwaka 1810. Ndiye yule mmisionari aliyefika Mombasa 1844, akazika mke na mtoto mchanga mwaka huo huo, akaanzisha misheni Rabai, akakaa na wazee akaandika maneno ya Kiswahili mpaka ikatoka kamusi yake nene iliyochapishwa London 1882, yeye akiwa ameshafariki mwaka mmoja kabla. Mwenzake Rebmann alitoka Gerlingen, hapo karibu na Stuttgart unapokaa wewe, na ndiye aliyeona mwaka 1848 mlima wenye theluji karibu na ikweta, akaandika Ulaya na maprofesa wakamkatalia, mlima ambao babu zake mama walikuwa wanauona kila asubuhi wakifungua mlango. Na siku hizi Tübingen na Moshi wana ushirikiano rasmi wa mambo ya tabianchi, mji kwa mji. Derendingen kwenyewe usimpeleke kwa miguu kutafuta kitu kikubwa, ni makazi ya kawaida, simulieni tu mkiwa kwenye benchi kisiwani.

Ngome ya Hohentübingen sasa, hapo nitakuwa mkweli. Njia ya kupanda ni fupi ila imesimama na ni ya mawe, mama asipande. Mtafutie mkahawa uwanjani, mnunulie keki, wewe na dogo mpande. Najua dogo amesema makumbusho hapana, ila hili muambie ni chumba kimoja tu: kuna farasi mdogo aliyechongwa kwenye pembe ya mamothi, yule tembo wa kale mwenye manyoya aliyetoweka, urefu hafiki sentimita 5, na ana umri wa miaka kama 40,000, alipatikana 1931 kwenye pango la Vogelherd upande wa mashariki wa jimbo, na yale mapango yameingia urithi wa dunia wa UNESCO 2017. Ni moja kati ya michongo ya zamani zaidi ya sanaa ambayo binadamu ameipata popote. Mtoto wa miaka 13 akisimama mbele ya hicho kitu kidogo na akaambiwa kilichongwa na mtu mwenye kisu cha jiwe, ananyamaza. Na wewe pita kwenye jiko la zamani la ngome, humo Friedrich Miescher mwaka 1869 alikuwa anachukua usaha kutoka kwenye bandeji za wagonjwa wa hospitali na ndani ya chembe zake akapata kitu akakiita nuklini, ndio DNA hiyo tunayoisoma leo. Bandeji zilizotumika, mdogo wangu, mtu wa wodi lazima uende ukaone. Uani mwa ngome kuingia ni bure na kutoka ukutani mnaona paa zote za mji.

Kwa dogo na mambo yake ya nje nina siku nzima mbili mkononi, chagueni. Ya kwanza baiskeli. Njia ya baiskeli ya bonde la Neckar inapita hapo hapo mjini na kwenda juu mpaka Rottenburg ni kama kilomita 12, karibu tambarare yote, mashamba ya mboga na mizabibu kwenye vilima vya Hirschau mkono wa kulia. Nendeni na baiskeli mrudi na treni kama miguu imechoka. Njiani kuna ziwa la Hirschau lililochimbwa wakitoa kokoto, watu wa pale wanaogelea kiangazi, maji safi ila yanakuwa na kina haraka na usitegemee mlinzi, kama dogo hajui kuogelea vizuri mpeleke bwawa la wazi la mji, sio ziwa, na mtoni kabisa hapana. Juu ya hivyo vilima kuna kikanisa cha Wurmlingen peke yake kwenye ncha ya kilima, mita 475, kuna njia ya miguu kutoka nyuma ya ngome inapita mgongoni mwa kilima cha Spitzberg mpaka huko, kama masaa 2 kwenda, nusu msitu nusu mizabibu. Kwa mtu mwenye miguu mizima ndio matembezi mazuri kuliko yote pale, na kurudi unashuka kijijini unapanda basi.

Ya pili, ambayo hata mama anaenda, ni Bebenhausen na msitu wa Schönbuch. Basi kutoka mjini ni kama robo saa. Bebenhausen ni kijiji kidogo kimezunguka monasteri ya watawa wa Sistersia, shirika la Kikatoliki, iliyoanza miaka ya 1180, ukumbi wao wa kulia na ile korido ya mraba yenye matao vinatembeleka polepole. Baada ya Matengenezo ya Kanisa watawa waliondoka, baadae wafalme wa Württemberg wakapageuza pa kuwindia, na mfalme wa mwisho, Wilhelm wa 2, alipoachia kiti 1918 alikuja kuishi hapo mpaka akafa 1921, mkewe Charlotte akabaki mpaka 1946. Kutoka kijijini kuna njia ya changarawe inaingia msituni ikifuata kijito cha Goldersbach, pana, haina mlima, magari ya watu hayaruhusiwi, mama anatembea nusu saa anakaa anageuza, dogo na baiskeli anaenda mbele anarudi. Schönbuch ni hifadhi ya kwanza ya aina yake kwa jimbo hili, tangu 1972, kilomita za mraba kama 156, misonobari michache, mibeechi mingi, na mkiamka mapema mnaweza kuona paa na kulungu. Bebeni chakula chenu, huko ndani hakuna duka.

Ila kupe! Hili wewe utalielewa, jimbo hili lote karibu ni eneo la hatari la FSME, ule ugonjwa wa ubongo, na chanjo yake inataka dozi zaidi ya moja kwa hiyo kwa wageni wa wiki chache haiwahi. Suruali ndefu, soksi juu ya suruali, msikae kwenye majani marefu, na jioni kagueni nyuma ya magoti, kwapani, kwenye nywele. Usimtishe mama, kagua tu.

Chakula: Maultaschen, yale maandazi ya unga yaliyojazwa ndani, mkila ulizeni ndani kuna nini maana mara nyingi ni nyama ya nguruwe, dengu na Spätzle, tambi zao za mayai, mama atakubali haraka kwa sababu dengu ni dengu. Brezel, ule mkate wa kusokotwa kama fundo, na siagi asubuhi. Kahawa ya kuondoka nayo mjini humu ina gharama ya ziada, tangu 2022 wameweka kodi ya senti 50 kwa kila kikombe cha kutupa, kesi ikaenda mpaka mahakama kuu ya katiba na mji ukashinda, kwa hiyo chukua kikombe chako au kaeni mnywe hapo hapo, ambavyo ndivyo ningetaka mfanye hata hivyo. Jumapili maduka yamefungwa, unajua.

Jambo la mwisho ndilo litakaloamua tarehe yako. Kuna mashindano ya ile mitumbwi mara moja kwa mwaka, kwa desturi siku ya Fronleichnam, ile Alhamisi ya siku 60 baada ya Pasaka, inaangukia mwisho wa Mei au Juni. Wanafunzi wanavaa mavazi ya ajabu, mitumbwi kama 40 na zaidi inagombania kupita kwenye nafasi nyembamba karibu na nguzo ya daraja, pondo zinagongana, watu wanaanguka majini, na timu ya mwisho kila mmoja anakunywa nusu lita ya mafuta ya ini la samaki mbele ya umati, halafu wao ndio wanaandaa ya mwaka unaofuata. Dogo ataipenda kuliko kitu chochote cha Ulaya. Lakini daraja na kisiwa siku hiyo vinajaa kusukumana, ni sikukuu na mara nyingi iko ndani ya likizo za shule, vyumba vinaisha mapema. Kama unataka hiyo, kata chumba leo, upande wa stesheni ambako hakuna kilima, uliza lifti, na mama mtafutie kiti kivulini masaa mengi kabla ya kuanza au abaki hotelini kabisa wewe uende na dogo. Kama unataka utulivu, kwepa wiki hiyo, na ulize Jumamosi ipi kuna Motette kabla hujalipia chumba.